Mafunzo ya moto wa mafuta pale Iyunga: mwalimu mzuri, kinyago cha mwaka juzi

Nianze na kinyago, kile cha chujio cha kuvaa usoni, maana ndicho kilichonikalisha chini kuandika. Nilikivaa asubuhi moja tenka ikishusha, nimesimama hatua tano hivi kutoka kwenye mdomo wa tangi, na harufu ya petroli ikanijia puani kama vile nimejifunga kitambaa cha jikoni. Kinyago cha shilingi elfu tisini na tano! Na nilikinunua kwa watu walewale walionifundisha siku mbili nzima kwamba kinyago kibovu ni kibaya kuliko kukosa kabisa, kwa sababu asiye nacho hukimbia na mwenye nacho hubaki.

Mimi ni msimamizi wa sheli moja hapa Uyole, mwaka wa kumi na moja sasa. Juni bosi alitulipia watu wanne mafunzo ya usalama wa moto wa mafuta, laki moja na themanini kwa kichwa, chakula ndani yake. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa bado tunadaiana, ila mtu wa Mbeya akiuliza uliza pale Iyunga kwenye magodauni atafika.

Tulikuwa ishirini na wanne. Wahudumu wa sheli, madereva wa tenka wa njia ya Tunduma na matingo wao, mafundi wawili wa pampu, na mama mmoja muuza mitungi ya gesi kutoka Mwanjelwa ambaye aliuliza maswali kuliko wanaume wote wakijumlishwa. Mkufunzi ni mzee wa Tukuyu, ametumikia miaka mingi kwenye viwanda vya kusafisha mafuta huko Uarabuni. Sauti yake ya chini, haongei kwa fujo, na ana tabia ya kusimama dirishani akiangalia nje wakati wewe unajibu swali lake, kwa hiyo unajibu vizuri.

Asubuhi ya kwanza karibu nisinzie. Picha za viwanda vya Ulaya na Marekani, minara, mabomba yamepishana kama utumbo. Dereva mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi huku hatusafishi mafuta. TIPER yenyewe ya Kigamboni iliacha zamani, imebaki kutunza mafuta kwenye matangi." Mzee akamuuliza bomba la TAZAMA linapita wapi. Kimya. Lina kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, limelala kwenye nyanda zetu hizi tangu 1968. Kwa miaka mingi lilikuwa likipeleka mafuta ghafi kwenye kiwanda cha Indeni kule Zambia, na tangu 2023 linapeleka dizeli. "Mafuta ni yaleyale," akasema. "Kule ni mengi na yana presha. Kwenu ni machache na yana haraka."

Hapo ndipo akatuingiza Texas City, Marekani, na usingizi ukaniisha. Machi 23, 2005, kiwanda cha BP, walikuwa wanawasha tena mtambo uliokuwa kwenye matengenezo. Kulikuwa na mnara ambao mafuta yalitakiwa yakae chini kabisa, kimo cha mtu mrefu. Wakaendelea kuujaza kwa saa kadhaa mpaka yakapita mita 40. Na geji? Geji kule chumba cha uendeshaji ilikuwa inawaonyesha kwamba kimo kinashuka. Yakafurika, yakatokea juu kwenye bomba la kutolea mvuke kama chemchemi, yakamwagika, mvuke ukatambaa chini. Pembeni pameegeshwa pikapu ya dizeli, injini imewashwa. Ikaanza kuvuta ule mvuke badala ya hewa, ikajipandisha yenyewe bila mtu kukanyaga mafuta, ikanguruma. Watu 15 wakafa, 180 wakaumia. Waliokufa walikuwa ndani ya ofisi za muda zilizoegeshwa jirani na mtambo, au karibu nazo. Hawakuhusika hata na ile kazi ya kuwasha.

Dereva yuleyule aliyekuwa anabisha akasema taratibu, "Injini kujipandisha yenyewe niliwahi kuisikia nikiwa napakia. Nikasingizia nozeli."

Mwezi Desemba mwaka huohuo, tarehe 11, Uingereza, ghala la mafuta la Buncefield. Geji imeganda mahali pamoja, swichi ya dharura ya juu haikufanya kazi, tangi la petroli likafurika alfajiri. Baridi, hakuna upepo. Mvuke ulikaa chini kama ukungu, na kamera za maegesho zikaurekodi ukisogea kati ya magari. Ulipolipuka waliumia watu 43 na hakufa hata mmoja, ilikuwa Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, wafanyakazi wa ofisi za jirani wako kwao wamelala. Mzee akageuka kutoka dirishani, akatuuliza: Uyole mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, pakoje?

Sote tunajua pakoje. Unaona taa za lori, huoni lori. Mimi siku zote nilidhani baridi yetu ni kinga, kwamba petroli hushika moto vizuri Kyela kwenye joto. Kumbe petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata ikiwa nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke wake ni mzito mara tatu hadi nne ya hewa. Hauendi juu. Unafuata mteremko, unaingia mfereji, unatafuta jiko la mtu. Upepo ndio unaoutawanya, na asubuhi ya ukungu haina upepo.

Kipindi cha hewa za sumu kilikuwa bora kuliko vyote, ningelipa tena kwa ajili ya hicho tu. Watu wanaogopa ndimi za moto, alisema, na moto unaonekana, utaukimbia. Kwenye viwanda vya kusafisha mafuta kuna haidrojeni salfaidi, ile hewa inayonuka yai viza. Ikiwa kidogo unainusa, unalalamika. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi, harufu inapotea, na mtu anasema afadhali imeisha. Ikiongezeka sana, pumzi chache tu yuko chini. Anayeingia kumvuta naye yuko chini. Matingo wawili wakaangaliana. Kuingia ndani ya tenka kukwangua tope la chini ni kibarua chao cha kila mara, na wanashuka na tochi ya simu mdomoni. Mzee alilirudia mara tatu kwamba ndani ya tangi hata la petroli mtu anakufa kwa kukosa hewa ya oksijeni na kwa mvuke wenyewe, na hakuna kinyago cha chujio kinachosaidia humo. Chujio linachuja hewa, halitengenezi hewa. Humo ni mtungi wa hewa mgongoni na mwenzako juu ameshika kamba. Na moshi wa kawaida una kaboni monoksaidi isiyo na harufu kabisa, ambayo nayo inapita kwenye chujio la kawaida kama maji kwenye tenga.

Yule mama wa gesi akauliza sisi tunaoishi jirani tufanyeje. Akajibiwa kwa Richmond, California, Agosti 6, 2012, kiwanda cha Chevron: bomba lililoliwa na salfa mpaka likawa jembamba, likaachia, wingu la mvuke likawafunika wafanyakazi 19, 18 wakatoka kabla halijawaka, na mmoja, askari wa zimamoto, likamwakia akiwa ndani ya gari la zimamoto, akapita motoni akaokoka kwa mavazi yake ya kazi. Lakini moshi ulikwenda mitaani, na watu kama 15,000 wakajipeleka hospitali siku zilizofuata kwa vifua, macho, vichwa. Kule wakazi waliambiwa wajifungie ndani, wafunge madirisha, wazime feni. Mama akasema nyumba yake ina matundu ya hewa juu ya kila dirisha na dari haijafika mwisho, ajifungie wapi? Nilipenda kwamba mzee hakumdanganya. Alimwambia chumba cha katikati, blanketi zilizoloweshwa kwenye nafasi za mlango na matundu, lakini ajue maji yanapunguza masizi na hayazuii gesi, kwa hiyo hapo ni pa muda mfupi. Kama barabara ipo wazi, atoke akikata upepo kwa ubavu. Asikimbie kuelekea unakokwenda moshi, atashindana nao na moshi hauchoki. Na barakoa ya vumbi, zile nyeupe, inapunguza masizi tu.

Kuna dakika arobaini za tindikali ya haidrofloriki na mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Philadelphia wa 2019 ambazo sikuona faida yake. Sheli haina tindikali hiyo. Wangezitumia kwenye mitungi ya gesi, ambayo ilipata robo saa.

Mchana tukatoka nje kwenye moto wenyewe. Pipa limekatwa nusu, dizeli ndani, petroli kidogo ya kuchokoza. Mzee akaokota vumbi akalirusha, likaelekea upande wa mlima Loleza, basi sote tukahamia upande wa pili ili upepo utupige mgongoni. Vuta pini, lenga chini kwenye mzizi wa moto, bana, fagia. Mtungi wa poda wa kilo 9 unaisha kwa sekunde 15 hadi 20. Sisi tulipewa mtungi mmoja watu sita! Zamu yangu nilipata kama sekunde tatu, ukakohoa ukaisha. Kwa pesa ile huo ni ubahili, na nimewaandikia hivyo kwenye fomu yao ya maoni.

Lakini nilichokiona katika hizo sekunde sikukijua. Kijana aliyenitangulia aliuzima ule moto, tukapiga makofi, na makofi hayajaisha ukarudi wote. Ukingo wa pipa ulikuwa bado wa moto na mvuke bado unatoka. Poda inakata moto lakini haifuniki mafuta. Povu ndilo linalofunika. Kisha mzee akaweka karai la mafuta ya kula jikoni mpaka yakawaka, akafunga kikombe cha maji kwenye mti mrefu wa mita tatu, akayamwaga. Sitaki hata kueleza. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke unaochukua nafasi mara 1,700 hivi, na mafuta yote yanaruka juu yakiwa yanawaka. Akasema tangi la mafuta ghafi likiungua kwa saa nyingi hufanya jambo hilohilo peke yake, joto likishuka mpaka kwenye maji yaliyotuama chini, na ndiyo maana askari wa zimamoto wakati mwingine unawaona wanarudi nyuma, watu wanawazomea kwamba wameogopa. Nikawaza vibanda vyote vya chipsi kutoka Uyole hadi Kabwe, kila mmoja na ndoo ya maji pembeni.

Huduma ya kwanza ilifundishwa na nesi mmoja binti, haraka haraka lakini vizuri. Aliyeungua ni maji safi yanayotiririka, ya kawaida, dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta ya nazi. Pete na saa zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandana na ngozi usiivute. Na hapo akatuonyesha fulana ya nailoni aliyoichoma, inavyoyeyuka na kudondoka matone yanayowaka. Nilikuwa nimevaa koti la mtumba la nailoni tupu. Mtu aliyetoka kwenye moshi sauti imekwaruza, nywele za pua zimeungua, mate yana weusi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama anatembea na kucheka, kwa sababu koo linavimba baadaye. Halafu suala la maziwa. Nusu ya darasa tuliamini kwamba ukivuta moshi au mvuke unywe maziwa yanaosha kifua. Binti akasema maziwa yanakwenda tumboni, mama, na moshi uko kwenye mapafu.

Chakula: wali wa Kyela ulionukia mpaka nje, maharage, nyama vipande viwili vya kuhesabu. Chai ya saa nne ilikuja saa tano imepoa.

Sasa niseme kwa nini pamoja na yote nawapa nyota tatu na nusu na si mbili. Wiki ya tatu baada ya mafunzo, Julai, asubuhi ya ukungu, tenka inashusha petroli chumba cha lita 5,000. Kijana wa zamu alikuwa amepiga dipu, yaani kupima kimo cha mafuta kwa fimbo, hesabu ikaonyesha tangi lina nafasi ya lita 5,400. Tuko salama. Mimi niko ofisini nasikia dereva anapiga yowe. Mafuta yanafurika kwenye mdomo wa tangi.

Alifunga valvu upesi, zikamwagika kama ndoo tatu. Kilichonijia kichwani ni ile pikapu. Bodaboda wawili walikuwa wanajaza, na mmoja alishainua mguu kupiga kiki akimbie. Nilimfokea kama mwanangu: "Usiwashe! Sukuma!" Wakasukuma wote wawili kwa mkono mpaka barabarani. Mlinzi akazima swichi kuu kule ofisini, mbali na kilipomwagika. Nikaangalia chini, nikauona ule mtetemo wa hewa, kama joto juu ya lami, unafuata mfereji kwenda chini kwa mama wa maandazi. Hatua kama arobaini, na jiko lake la mkaa limekolea.

Nilikimbia kwa kuzunguka juu, nisipite mferejini. Yeye alipoelewa akataka kumwagia mkaa maji. Nikamwambia shika huku mama, nami nashika huku, tukalibeba jiko na karai lake tukapanda nalo nyuma ya nyumba, upande wa juu. Mafuta ya maandazi yalinimwagikia kidogo kwenye kiganja. Nilipomsimulia mzee kwa simu hakunisifu. Alisema mvuke ungekuwa umeshafika, nyinyi wawili ndio mngeuwasha, ilitakiwa nimtoe mama na kuliacha jiko. Pia akauliza jiko la mkaa lilikuwa linafanya nini kwenye mfereji wa sheli kwa miaka yote hiyo. Sikuwa na jibu.

Tulipiga 114, zimamoto wakaja wakalifunika eneo kwa povu. Kijana aliyekuwa jirani na mdomo wa tangi suruali ililowa mpaka magotini, kichwa kinamuuma, anaona kizunguzungu. Tukamvua nje palepale, hata mbele za watu, akaoshwa kwa sabuni na maji mengi, akakaa penye hewa, kisha zahanati. Mtu alikuja na pakiti ya maziwa. Nikaipeleka kwa watoto wa yule mama.

Tangi lilipokuja kukaguliwa, wakatoa chini ya tundu la dipu kifuniko cha zamani kilichodondoka sijui mwaka gani. Fimbo ilikuwa inasimama juu yake, kwa hiyo kila siku inasoma mafuta machache kuliko yaliyomo. Vidole vitatu tu vya unene, lita mia tano. Texas City yangu hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nasaini daftari.

Na kinyago. Baada ya ile asubuhi ya harufu nilivigeuza vyote vinne. Aina yake ilikuwa sahihi, chujio zina mstari wa kahawia, ambao ndio wa mvuke wa mafuta kama mzee alivyotuchorea ubaoni: kahawia kwa mvuke wa petroli na jamaa zake, kijivu kwa gesi kama ile ya yai viza, nyeupe kwa vumbi. Tatizo ni tarehe. Ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha au kisu, lakini chini ya mwanga wa simu mwaka unasomeka, na ni mwaka juzi. Mfuko wa chujio mbili ulikuwa umetoboka. Chujio la mkaa likikaa wazi linakunywa hewa ya chumba mpaka linashiba, hata kama hujawahi kulivaa. Hayo nimeyatoa kwenye daftari langu, ukurasa wa siku ya pili.

Nilirudi Iyunga nalo daftari. Binti wa mapokezi akaniambia, "Mama, plastiki haiozi." Nikamfungulia ukurasa. Akamwita meneja, meneja akasema vinyago vinauzwa na ofisi, mafunzo ni kitengo kingine. Wamenirudishia pesa ya viwili, viwili vingine wanasema nilishavitumia. Nilivitumia vipi, kama vilikuwa havichuji? Jioni mzee alinipigia mwenyewe kuomba radhi, na sauti yake ilionyesha alikuwa hajui. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, wewe sina neno nawe.

Septemba wana darasa jingine na nawapeleka vijana wangu wawili wa zamu ya usiku. Nimewaambia wavae makoti ya pamba, wabebe chai yao kwenye chupa, wang'ang'anie zamu ya kwanza kwenye ule mtungi, na wasinunue chochote pale mlangoni.